Injini Yangu Ndani ya Gari la Mwalimu

Jumatatu, 13 Januari

Dada,

Gari la aina ya lako limeuzwa juzi Jumamosi kwa bei ambayo haijawahi kufikiwa na gari la aina hiyo popote. Aliyesema hivyo ni dalali mkuu mwenyewe, akiwa bado na nyundo mkononi. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ukikutana na salamu kwanza, utaiweka barua chini ukachemshe chai.

Sasa shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi yako kikohozi kimemwachia. Mtoto mkubwa ameingia kidato cha tatu na amenizidi kimo. Mdogo amepoteza viatu vya shule kwa mara ya pili na hataki kusema vilikoenda. Wote wanauliza shangazi atakuja lini na Sanduku, kama walivyolibatiza gari lako. Nimewajibu kwamba Sanduku siku hizi halisafiri mbali, limekuwa mtu mzima.

Nilikuwepo mnadani. Gari lilikuwa jeupe, rika moja na lako, milango miwili, turbo, mraba kama kabati la vyombo. Lilisukumwa hadi jukwaani na wanaume waliovaa glavu nyeupe. Halikuwashwa. Wanunuzi watatu walishindana, mmoja kwa simu. Bei ilipofika mahali ambapo mimi na wewe tungecheka, hakuna aliyecheka. Ilipofikia thamani ya nyumba aliyotuachia mama, mzee mmoja aliyesimama karibu yangu, fundi wa breki, alisema "Basi," na hakuwa akisema na mtu. Nyundo iligonga kwenye bei ya nyumba nne kama ya mama. Yule mzee alikuwa ameshaondoka.

Nilimuuliza mnunuzi atalipeleka wapi. Akasema ghalani, kuna kiyoyozi. Nikamuuliza kama ataliendesha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama atazila noti zake.

Nina mawili ya kukuambia. Kwanza, badilisha kufuli la kibanda cha gari. Pili, fikiria. Sisemi uuze. Nasema ufikirie.

Mdogo wako


Jumapili, 16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua ilifika nikachemsha chai kwanza, ukome kunipangia.

Mimi sijambo kwa kiasi chake. Goti linalalamika, cherehani kubwa inalalamika zaidi. Nimepewa kazi ya kushona upya viti vya basi zima, na mwenye basi anataka ngozi halisi kwa bei ya plastiki. Msalimie wifi. Huyo wa viatu mwambie shangazi yake alipoteza viatu mara tatu na alikua tu.

Habari mbaya ni kwamba Mwalimu ametutoka. Mwisho wa Januari, kwenye kiti chake, baada ya chakula cha mchana, miwani ikiwa puani. Tulimzika siku ya tatu. Wanafunzi wake wa hisabati walikuja wengi, wengine wana mvi. Mwanawe alifika kwa ndege na viatu vya ofisini, akasimama kwenye tope bila kujua aweke wapi mikono. Nilimhurumia.

Pale kaburini nilikuwa nawaza upuuzi. Nilikuwa nawaza kwamba injini yangu imebaki kwenye gari lake. Unakumbuka, wewe ndiye uliyevuta mnyororo wa winchi. Gari lake lilimfia wiki ya harusi ya bintiye, na langu lilikuwa kibandani limevuliwa viti, linangoja kioo cha mbele. Tukaing'oa yangu tukampa, maana magari ni pacha, akampeleka bibi harusi kwa heshima zote. Yake ilipotengenezwa tukaitia kwenye langu. Tulikuwa tuzirudishe kila moja kwake. Uvivu ukatushika. "Tano na tatu, tatu na tano," akasema Mwalimu, "jibu ni lile lile." Tukapeana mikono yenye grisi: siku yoyote mmoja akitaka ya kwake, atasema tu, na mwenzake atatoa bila maneno. Wewe ulikuwa umekalia tairi, unakunywa soda yetu.

Basi injini ya Mwalimu ndiyo inayoniendesha mpaka leo. Ikiguswa mara moja inawaka. Jumapili naipeleka barabara ya viwandani, kweupe, hakuna malori. Gea ya tatu, turbo inaamka, mgongo unashikwa na kiti nilichokishona mwenyewe, na nasahau kila mteja anayenidai. Hiyo ndiyo faida yangu yote katika gari hili. Sina nyingine na sijawahi kutafuta nyingine.

Lakini hilo gari lako la glavu limetuharibia. Nilikwenda kwa muuza spea kutafuta bomba la turbo. Akalitoa rafuni, akaliweka mezani, kisha akalirudisha rafuni.

"Dada, hili siuzi tena kwa bei ya dukani. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Sijui. Kila mtu anasubiri."

Watu wa bima nao wamekuja kupiga picha. Wanasema thamani imepanda, hivyo nilipe zaidi, lifungiwe, na nisiliache barabarani hata kwa dakika. Nikawauliza nikienda sokoni niliegeshe ndani ya kibanda cha nyanya? Hawakucheka. Zamani Jumapili tulikuwa tukikutana kituo cha mafuta, magari saba ya aina moja, kila mmoja boneti juu anamcheka mwenzake. Jumapili iliyopita nilikuwa peke yangu. Waliobaki na magari wameyafunika maturubai.

Nimefikiria kama ulivyoniambia. Nimemaliza kufikiria. Siuzi.

Dada yako


Jumatano, 9 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole sana kwa msiba. Nilipaswa kuandika mapema. Kazi zilikuwa nyingi.

Tafadhali barua zako zitume kwa anwani iliyo juu, ile ya zamani si ya uhakika tena. Tumehamia nyumba ndogo kidogo, iko karibu na shule. Wifi yako anasema jiko lake ni zuri. Watoto wanalala chumba kimoja na wamechora mstari wa chaki katikati.

Bei hazijashuka. Mwezi uliopita yaliuzwa mawili, moja likiwa na kutu hadi kwenye milango, nalo lilifikia bei ya nyumba mbili. Mnunuzi wake aliomba kukaa ndani apigwe picha. Akakaa, akatazama ile gea ya mkono, akamuuliza mhudumu, "Hii ndiyo breki?" Mhudumu akasema, "Ndiyo, bosi, kwa namna fulani."

Siku za maonyesho huwa wanakuja watu wa kawaida. Makondakta, manesi, mafundi, wazee na wajukuu wao. Wanajua kila kitu: lipi lilikuja na taa za njano, lipi lilibadilishwa usukani. Zamani waliruhusiwa kuinama kutazama chini. Sasa imewekwa kamba, na wanasimama nyuma ya kamba wakielezana kwa sauti ya chini, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Nilimkuta tena yule fundi wa breki. Ameuza lake. Nikamuuliza kwa nini, alikuwa nalo tangu ujana. Akasema, "Nilianza kuliogopa. Nikisikia mbwa anabweka naamka. Nikiendesha namwona kila mwenye pikipiki kama adui. Mtu haishi na kitu anachokiogopa." Amenunua gari la kawaida. Hakumbuki rangi yake vizuri, alisema kijivu au fedha.

Naomba uniandikie jambo moja. Kwenye bloku ya injini iliyo ndani ya gari lako, ubavuni chini ya turbo, kuna namba iliyogongwa kwenye chuma. Je, bado inasomeka? Nauliza tu.

Mwanawe Mwalimu ameshakutembelea? Akija, msikilize. Si mtu mbaya.

Mdogo wako


Jumapili, 25 Mei

Mdogo wangu,

Namba inasomeka.

Mwanawe Mwalimu alikuja Jumanne. Aliketi palepale karakanani, juu ya kiti cha basi ambacho sijamaliza kukishona. Nakuandikia maneno yetu kama yalivyokuwa, wewe ni mtu wa habari, utayapenda hivyo.

"Shangazi, nimekuja kwa lile la injini."

"Injini gani?"

"Ya baba. Iliyo kwenye gari lako."

"Na yangu iko kwenye lake. Kunywa chai."

"Watu wa mnada wanasema gari lisipokuwa na injini yake ya kiwandani, bei inaanguka nusu. Ikirudi, inapanda. Na la kwako vilevile, shangazi. Tunafaidika wote."

"Mimi silipeleki mnadani."

"Lakini siku ungelipeleka."

"Yangu ikoje?"

"Ipo."

"Nimeuliza ikoje. Sikuuliza kama ipo."

Akanywa chai. Ni mtoto wa Mwalimu, uongo haumkai mdomoni.

"Ilikufa, shangazi. Mkono wa pistoni ulikatika ukatoboa ubavu wa bloku. Miaka miwili sasa. Baba aliogopa kukuambia. Alikuwa akisema ataitengeneza kwanza ndipo akwambie."

Unaona hali ilivyo. Nikitoa iliyo hai napokea iliyokufa. Gari lake likipata injini yake, litanguruma mbele ya matajiri na kurudi kulala. Langu litakuwa na namba sahihi na tundu ubavuni, na bloku nzima ya injini hii haipatikani tena, wewe unajua kuliko mimi.

Nilikuwa bado nalipima hilo, akasema kwa upole, akidhani ananituliza:

"Hata ndugu yako alituambia hutakataa. Alisema ahadi ilikuwepo, na yeye alikuwa shahidi."

"Ndugu yangu yupi?"

"Yule wa pale mnadani. Anayeandika maelezo ya magari."

Nikamwambia nina ndugu mmoja tu, na huyo ni mwandishi wa gazeti. Akatazama viatu vyake. Akasema labda amechanganya. Mtoto wa watu alitokwa jasho akiwa kivulini.

Kwa hiyo nakuuliza. Umeanza lini kufanya kazi huko? Uliwaambia nini? Na ulijua yangu imekufa au hukujua? Nijibu hayo matatu. Usinianzie na kikohozi cha wifi wala viatu vya mtoto.

Nitampa injini yake. Nimemwambia hivyo, lakini si kwa sababu yako, wala kwa sababu ya bei. Siku ile tulipopeana mikono, Mwalimu hakuweka sharti kwamba itakuwa nzima, na mimi sikuweka. Tulisema mmoja akitaka, mwenzake atatoa. Mwanawe ametaka. Angekuwa mkorofi ningepata pa kushika, lakini alikuwa na adabu tangu mwanzo hadi mwisho. Alinioshea hata kikombe.

Dada yako


Jumatano, 11 Juni

Dada,

Shikamoo. Nakujibu kwa mpangilio ulioutaka.

Gazeti lilifungwa Novemba. Mhariri alitutangazia asubuhi, na mchana meza zilikuwa zinabebwa. Nilianza kazi ya mnada kabla ya mwaka kwisha. Naandika yale maelezo mafupi yanayowekwa chini ya picha ya kila gari. Nilipokuandikia Januari kwamba nilikuwepo ukumbini, nilikuwepo kwa sababu nalipwa kuwepo. Sikukuambia kwa sababu kila mtu kule nyumbani anajua mimi ni mwandishi, na nilitaka wewe ubaki unajua hivyo kwa muda kidogo zaidi.

Gari la Mwalimu lililetwa Machi. Mkaguzi alisoma namba ya injini akasema si yake. Mkuu wetu akauliza mezani kama kuna anayejua injini halisi iliko. Siku hiyo nilinyamaza. Siku ya pili nilisema. Anayefanikisha injini kurudi kwenye gari lake hupewa kitu. Nilipewa. Kimekwenda kwenye ada ya mkubwa, ambayo ilikuwa imechelewa mihula miwili.

Nilijua imekufa. Mkaguzi alinionyesha tundu, ngumi ya mtoto inapita. Maelezo niliyoyaandika yanasema: "Injini haijawashwa hivi karibuni." Ndiyo lugha yetu huku. Kutu tunaiita alama za umri. Gari lililopinduka ni gari lenye historia.

Nilijiambia kwamba bei ya gari lako itapanda mara mbili, na kwamba ukiona bei hiyo utakubali kuuza, na kwamba ukiuza utapumzisha goti. Nilijiambia mengi. Sikujiambia kwamba ulishaniandikia faida yako katika gari hilo ni ipi. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni.

Tangu barua yako ya mwisho nimetafuta bloku. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani na hakina akiba. Nimepata habari za tatu. Mbili ziko kwa mkusanyaji mmoja, ndani ya masanduku yake ya awali ambayo hayajafunguliwa, na hauzi, kwa kuwa sanduku lililofunguliwa linapoteza thamani. Ya tatu niliifuatilia hadi kwa mtu mwenye duka la samani. Ameiosha, ameing'arisha, ameiwekea kioo juu, ni meza ya sebuleni. Nilimpigia simu. Nikamwambia kuna gari linaloihitaji ili litembee. Akasema anaelewa, lakini wageni wanaipenda sana.

Nimeuliza mwanasheria. Kadi ya gari lako imeandikwa namba ya injini hii kwa miaka mingi, na maneno ya mkono kwa mkono hayana nguvu mbele ya kadi. Unaweza kukataa na hakuna atakayekugusa. Kataa, dada. Nakuomba ukatae. Wakinifukuza huku, wanifukuze.

Mdogo wako


Jumapili, 17 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Basi limemaliza kushonwa, mwenye basi amelipa nusu na ametoweka, kama ilivyo desturi ya wenye mabasi.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka jambo liwe limekwisha kabla sijaandika. Mwanasheria wako yuko sahihi, na angekuwa anasema na mtu mwingine ningemwambia mtu huyo amsikilize.

Tulibadilishana mwishoni mwa Julai. Mwanawe Mwalimu alikuja na mafundi wawili na winchi ya umeme, haina hata mnyororo wa kuvuta. Nilitaka niiwashe mara ya mwisho, nikaacha. Ingewaka vizuri na mimi ningeharibika. Wakaing'oa ikiwa na joto la jua tu. Waliishusha kwenye godoro dogo kama mtoto, wakaifunika. Yangu waliileta kwenye gari la mizigo, imekauka, ina buibui. Wakaitia mahali pake, wakafunga kila boliti, wakapangusa. Boneti ilipofungwa, gari lilionekana kama lilivyokuwa jana yake. Kisha tukalisukuma kibandani. Sikujua kwamba ni zito hivyo, sijawahi kulisukuma.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi wenu, yule mrefu. Akasoma namba, akasoma chasisi, akapiga magoti, akainuka amefurahi kama mtu aliyebarikiwa.

"Mama, hongera. Zinalingana. Gari hili sasa ni kamili."

"Linatembea?"

"Hilo halihusiani, mama."

"Kabla ya mwezi huu lilikuwa linatembea."

"Ndiyo, lakini halikuwa kamili."

Nilimmiminia chai. Ana watoto na yeye, anakula kwa kusema hivyo.

Habari zilienea nadhani kabla hajafika kituo cha basi. Mwenye kibanda amesema kodi itapanda, kwa sababu hawezi kuwa analaza mali ya namna ile kwa bei ya kulaza mkokoteni. Watu wa bima wanataka niweke mlango wa chuma. Watu nisiowajua wanakuja kupiga picha kupitia ufa wa ukuta. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye mlinzi. Nikamwambia ndiyo, maana ndivyo nilivyo. Nafungua kufuli mbili asubuhi nione kama lipo, nazifunga. Kazini nakwenda kwa miguu, na goti unalijua.

Jumapili mbili nilikaa ndani. Nikakanyaga klachi, nikaingiza gea ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiti bado ni kizuri. Jumapili ya tatu sikwenda.

Siku hizi namwelewa yule fundi wa breki wako, ila yeye aliogopa gari lililokuwa hai.

Nimeamua liuzwe. Usijipe sifa, hukunishinda wewe. Gari lisilotembea ni kabati, na kabati ninalo. Nina masharti mawili. Maelezo yake uyaandike wewe, si mwingine, na uandike kwamba mpaka Julai mwaka huu lilikuwa likienda barabarani na mwenyewe, tena kwa kasi. La pili, sehemu ya fedha itakwenda kwa watoto wako, kwa jina lao, mimi ni shangazi yao. Ya kwako haimo. Ada nyingine usiitafute kwenye injini ya mtu.

Nimekwisha kukasirika, kama unataka kujua. Nilikasirika Juni yote. Ilichosha.

Lori la mnada likija usije nalo. Sitaki kukuona ukilisukuma gari langu ukiwa umevaa glavu.

Dada yako


Jumatano, 10 Septemba

Dada,

Shikamoo. Gari lako litauzwa la mwisho siku ya mnada, nafasi inayowekewa gari linalotarajiwa bei kubwa kuliko yote. Amesema hivyo mkuu wa mnada leo asubuhi mbele ya wafanyakazi wote. La Mwalimu litauzwa la kwanza. Litawashwa jukwaani.

Wifi yako na watoto wanakusalimu. Sasa wanajua ninafanya kazi wapi, niliwaambia mwenyewe wakati wa chakula. Mkubwa aliuliza kama bado mimi ni mwandishi. Nilimwambia naandika.

Maelezo nimeyaandika, maneno sitini kama kanuni inavyotaka. Mwaka, rangi, namba zinalingana, mwenye gari ni mmoja tangu lilipokuwa bei ya pikipiki, viti vimeshonwa kwa mkono na mwenyewe. Sentensi yako niliiweka mwisho: "Hadi Julai mwaka huu lilikuwa likiendeshwa kila Jumapili, kwa kasi, na mwenyewe." Mkuu aliikata. Alisema inamkumbusha mnunuzi kwamba sasa haliendeshwi. Niliirudisha. Aliikata tena, akaniuliza kama naitaka kazi. Nilimwambia naitaka. Kwa hiyo haimo. Nakuambia ili usiitafute.

Yule mkusanyaji mwenye masanduku mawili amejiandikisha kununua. Nilimuuliza akilipata, kwa kuwa bloku nzima anazo, atalitia moja litembee? Akasema hapana, ingeharibu namba.

Nimeomba likizo isiyo na malipo kuanzia tarehe 17. Lori litafika kwako Alhamisi, tarehe 18 Septemba, saa mbili asubuhi. Kwa kuwa haliwaki, litapandishwa kwa kusukumwa. Dereva anataka watu wanne na amesema glavu hazihitajiki. Watatu uwatafute huko. Wa nne atateremka kwenye basi la Jumatano jioni, na utakuwa na haki ya kumfukuza gari likishapanda.

Mdogo wako